Ulilipa Ngapi?

Mjomba hakuniuliza nimepata nini. Alikwisha kujua, kwetu Msambweni habari za matokeo hufika kabla simu haijaita. Aliketi barazani, akavua kofia akaiweka gotini, shikamoo yangu akaiitikia vizuri tu, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki: "Ulilipa ngapi?"

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 3 Machi 2016. Nilikuwa nimepata B. Si alama ya kupigiwa ngoma. B kavu, isiyo na jumlisha wala toa. Taabu haikuwa B. Taabu ilikuwa D+ niliyoipata kwenye KCSE hiyohiyo, mtihani wetu wa kumaliza kidato cha nne, miaka miwili nyuma.

Kwa asiyezijua hesabu zetu za Kenya: A ni pointi 12, E ni pointi 1. D+ ni 4, B ni 9. Mlango wa chuo kikuu ni C+, pointi 7. Kwa hiyo sikupanda ngazi tu, niliruka ukuta. Mara ya kwanza niliangukia nje, mara ya pili nikaangukia ndani. Na mtu akionekana ndani ya ua ilhali jana alikuwa nje, watu lazima waulize kapitia wapi.

Sikumjibu mjomba. Nilicheka, nikamwomba ruhusa, nikaenda kumsaidia mama kupakua mbaazi. Sababu ya kutomjibu nitaieleza, lakini si sasa, maana yenyewe haipendezi.

Niseme kwanza ile D+ ilitoka wapi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiulizia. Hili nimeligundua baadaye sana: watu wakiona alama mbili zisizolingana, huishuku ile kubwa. Ile ndogo huaminiwa papo hapo, kana kwamba alama haiwezi kudanganya kwa kwenda chini.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa ya kutwa, madarasa manne na maabara moja ambayo ufunguo wake alikuwa nao mtu tusiyemwona. Mwalimu wa hesabu alihamishwa tukiwa kidato cha tatu. Wa kuziba pengo lake hakuja. Kitabu kimoja tuligawana watu watano, na mimi niliyekaa pembeni nilizoea kusoma ukurasa ukiwa umelala ubavu, hata leo nikikipata kitabu kikiwa kimepinduliwa nakisoma bila shida. Hiyo ndiyo faida pekee niliyotoka nayo.

Siku ya kemia ya vitendo, mwaka 2013, ndiyo siku niliyoshika bureti kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kwa asiyeijua, ni mrija mrefu wa kioo wenye koki chini. Unaujaza, unafungua koki kidogo, unaachia tone moja moja mpaka rangi ya kilichomo kwenye chupa ya chini ibadilike, ndipo unasoma kipimo. Mimi nilidhani koki ile inafunguliwa kama ya bomba la maji. Nikaizungusha mara moja. Rangi ikabadilika kabla sijapepesa jicho na maji yakaendelea kushuka. Nikatazama huku na huku, nikachungulia namba kwa jirani yangu, nikaiandika nikiwa nimeiongezea nukta moja ili zisifanane. Mkitaka kujua, huo ndio udanganyifu wa kwanza nilioufanya kwenye KCSE, na D+ nimeipata nao.

Hesabu nilipata E. Sikulia. Niliona ni haki, kwa maana kwamba karatasi nilizozirudisha zilikuwa nusu tupu.

Mwaka mzima wa 2014 nilikuwa timboni nikichonga mawe ya kujengea. Biashara ya watalii ilikuwa imelala Pwani mwaka ule. Hoteli za Diani zilikuwa zinafunga, na vijana waliokuwa wahudumu walikuja kushika mtaimbo pamoja nasi, mikono yao ikiwa laini mno kwa wiki mbili za kwanza. Tulilipwa kwa idadi ya mawe, si kwa siku. Ukilipwa kwa idadi unajifunza kuhesabu haraka, maana tajiri naye anahesabu haraka kwa faida yake.

Siku moja alikuja mzee kununua mawe ya ukuta wa uani kwake. Akanitajia urefu na kimo, nikamtajia idadi ya mawe, na nikamwambia aongeze machache ya kuvunjika njiani. Akaniangalia. "Umesoma wapi wewe?" Nikamwambia. "Hesabu ulipata ngapi?" Nikamwambia E. Mzee akatulia kama aliyeambiwa msiba wa mtu anayemfahamu. Alikuwa amefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, sasa kastaafu, ana shamba la minazi na hana wa kumfundisha.

Nilianza kwenda kwake jioni, vumbi la timbo likiwa bado kichwani. Alikuwa na mtindo mmoja tu. Ukikosea swali hakuambii jibu, wala hakuoneshi kosa. Anakuuliza: "Ulipotelea wapi?" Nawe unapaswa urudi juu, mstari kwa mstari, kwa sauti, mpaka ufike pale ulipoiacha njia. Mwanzoni ilinichosha kuliko mawe. Miezi minne baadaye nikawa najiuliza mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Januari 2015 mama aliuza mbuzi wawili, mzee akaongeza, nikaandikishwa kidato cha nne katika shule nyingine, ya bweni, yenye maabara iliyofunguliwa kila Jumamosi. Bureti nilizishika mpaka nikazichoka.

Septemba walimu wakagoma. Wiki tano shule za umma nchini kote hazikuwa na walimu, ikiwa imebaki kama mwezi mmoja tu kufika mtihani. Wenzangu walihangaika. Mimi nilirudi kwa mzee. Sikuwa mgeni wa kusoma bila mwalimu darasani; nilikwisha kusoma hivyo mwaka mzima.

Kupanda kutoka chini si sawa na kupanda kutoka juu, jambo ambalo ukiwa hujawahi kuwa chini hulioni. Mwenye A- anayetaka A anagombania alama chache, na kila moja anaipata kwa jasho. Mimi nilikuwa nimeacha mada nzima nzima, zimelala pale kama mashamba yasiyolimwa. Kujifunza mada ya moli peke yake kulinifungulia maswali kwenye karatasi zote tatu za kemia. Hatua zangu zilikuwa kubwa kwa sababu kulikuwa na nafasi ya kukanyaga.

Lakini ebu mtazame mwaka wenyewe niliouchagua kupandia.

KCSE ya 2015 ilivuja. Picha za karatasi zilizunguka kwenye WhatsApp, watu wakakamatwa, na matokeo yalipotoka watahiniwa 5,101 walikuwa wamefutiwa, kutoka 2,975 mwaka uliotangulia. Mwezi uohuo wa Machi 2016 Waziri wa Elimu Fred Matiang'i aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani na kumweka Profesa George Magoha kuwa mwenyekiti mpya. Mwaka ule karatasi zikaanza kufungiwa kwenye makontena yenye walinzi, mwalimu mkuu mwenyewe akawa ndiye wa kuzifuata alfajiri, na wazazi wakakatazwa kuwatembelea watoto muhula wote wa tatu. Siku chache kabla ya mwaka mpya matokeo ya 2016 yakatangazwa. Mwaka wetu A zilikuwa 2,685. Mwaka wao zilikuwa 141. Waliofikia C+ kwenda juu walishuka kutoka 169,492 hadi 88,929.

Sote tuliosoma namba zile tulielewa zimesema nini kutuhusu sisi. Pale chuoni tuliokuja na vyeti vya 2015 tukabatizwa jina, "wale wa kabla ya Matiang'i". Ilikuwa utani, na kila mtu alicheka, hata mimi. Mtu akishindwa zoezi la maabara anaambiwa, "Bwana, hii haikuvuja?" Wapo waliobishana kwamba anguko lile lote halikuwa la wizi peke yake, kwamba na viwango vya kusahihisha vilibadilika, na mjadala huo haujafa mpaka leo. Lakini nani ana muda wa mjadala? 2,685 na 141 zinaingia kwenye sentensi moja, na sentensi hiyo inatosha.

Kabla ya chuo lakini palikuwa na basari, ule msaada wa karo.

Niliomba kwenye kamati moja ambayo sitaitaja. Fomu ilitaka nakala za vyeti vyote, nami kwa ujinga au kwa unyofu nikaambatisha vyote viwili, cha 2013 na cha 2015. Barua ya chifu, nakala ya kitambulisho cha mama, sahihi ya imamu. Majina yalipobandikwa langu halikuwapo. Karani wa ofisi ile, dada aliyesoma na binamu yangu, aliniambia kwa kuninong'oneza kwamba faili yangu haikukataliwa. Iliwekwa kando. Mjumbe mmoja alivilaza vyeti vyangu mezani, kimoja ubavuni mwa kingine, akasema, "Huyu ni mtu mmoja?" Wengine wakacheka, wakaendelea na faili iliyofuata.

Nikaenda kuomba nisikilizwe. Nilibeba madaftari yangu kwenye mfuko wa unga, kumi na moja, na namba ya simu ya mzee. Nilikaa kwenye benchi asubuhi mbili. Hakuna aliyenifukuza, hata maji walinipa. Niliambiwa tu kwamba hakuna tuhuma yoyote dhidi yangu, kwa hiyo hakuna la kujitetea. Na ilikuwa kweli! Hakukuwa na tuhuma. Palikuwa na faili iliyowekwa kando.

Sasa nije kwenye lile nililolikwepa.

Usiku wa kuamkia karatasi ya pili ya kemia, mwenzetu mmoja bwenini alikuja na simu chini ya blanketi. Palikuwa na mtu Nairobi, palikuwa na namba ya M-Pesa, palikuwa na bei. Tulikuwa wanane, tukachanga mia mbili mbili. Sitasema nilishawishiwa. Nilizitoa zile noti mwenyewe kutoka ndani ya soksi, na nakumbuka nilizikunjua kwanza kuhakikisha ni mia mia, kama mtu anayenunua kitu halali dukani.

Picha ikaja. Karatasi imepigwa kwa upande, kidole gumba cha mtu kinaonekana pembeni, na juu maandishi ya Baraza kama tunavyoyajua. Tuliikesha. Swali la moli hakuna aliyeliweza isipokuwa mimi, nikawafanyia, nikawaeleza mstari kwa mstari kama mzee, wote wakanakili. Wawili walijiandalia mwakenya, yaani vile vijikaratasi vya kuficha kiganjani ambavyo sisi Wakenya tumevipa jina la kile chama cha siri cha miaka ya 1980.

Asubuhi tukafungua karatasi. Hakuna hata swali moja lililofanana. Hata mpangilio haukufanana. Mwenzetu mmoja alicheka kwa sauti chumbani, msimamizi akamwonya. Nilikwenda kuiba, nikaibiwa.

Basi mjomba aliponiuliza "Ulilipa ngapi?", jibu lilikuwepo. Mia mbili. Lingekuwa jibu la kweli, na yeye angeondoka nalo akiwa amedanganyika. Ndiyo maana nilikwenda kupakua mbaazi.

Chuoni nilikaa chumba kimoja na mwanafunzi wa sheria, mtu wa Bungoma, aliyekuwa na tabia ya kusoma kesi kwa sauti usiku kama wengine wanavyosoma Biblia. Nilipomsimulia habari ya kamati alicheka, akasema kuna kijana wa New York ambaye faili yake nayo iliwekwa kando, tofauti ni kwamba yeye alishtaki. Akanitafutia hukumu. Nimeisoma mara nyingi tangu siku hiyo.

Kijana huyo wa Queens alifanya SAT, mtihani wa Wamarekani wa kuingilia vyuo, mwezi Mei 1991. Novemba akaurudia, jumla yake ikapanda kwa alama 410. Kampuni iliyokuwa ikiusimamia mtihani huo, ETS, ilikuwa na kipimo chake: ukipanda zaidi ya alama 350, karatasi zako zote mbili zinatolewa na kutazamwa upya. Zikatazamwa. Wakaona mwandiko haufanani. Wakampelekea mtaalamu wa miandiko, akasema hizi zimeandikwa na watu wawili. Maana yake: Novemba alikaa mtu mwingine kwenye kiti chake.

Hapa ndipo niliposimamisha pumzi, kwa sababu kampuni haikuiweka faili kando kimya kimya. Fomu aliyoitia sahihi wakati wa kujiandikisha ilikuwa imempa njia tano: arudie mtihani bure, afute alama arudishiwe pesa, aende kwa msuluhishi, aombe chuo chenyewe kiamue, au alete maelezo na ushahidi wake. Akachagua kuleta. Alileta uthibitisho kwamba Mei alikuwa mgonjwa. Alileta alama za majaribio ya kozi aliyoisoma kati ya mitihani miwili, nazo zililingana na za Novemba. Alileta maneno ya msimamizi wa chumba aliyekumbuka kumwona. Alileta wanafunzi wawili waliokuwa naye chumbani, mmoja hata hawakuwa wakijuana. Na mtaalamu wake wa miandiko naye akasema mwandishi ni mmoja.

Kampuni ikavipokea vyote, kisha ikaendelea kuutazama mwandiko peke yake.

Mwaka 1995 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikatoa uamuzi wake, na uamuzi wenyewe haukumpendeza sana kijana. Majaji walisema hawakukaa pale kuamua kama aliiba au hakuiba. Walichoamua ni kwamba kampuni iliahidi kuyapima maelezo yake na haikuyapima kwa nia njema. Alama hazikuamriwa zitolewe. Kilichoamriwa ni kwamba wenye kushuku wakae chini, wavisome alivyoleta.

Mwenzangu wa chumba aliona ni ushindi mdogo. Mimi niliona ni mkubwa kuliko wote ambao ningeweza kuuota kwenye lile benchi. Sikutaka kamati iniamini. Ningeulizwa vizuri, na nikiapishwa, ningewaambia hata habari ya mia mbili, wakaipima pamoja na yale madaftari kumi na moja. Labda wangeninyima. Lakini ningekuwa nimenyimwa mimi, si vile vyeti viwili mezani.

Mashine ya kunusa mruko, hata hivyo, haimnusi kila mtu. Mwisho wa 2018 msichana wa Miami alipanda kwenye SAT hiyohiyo kutoka alama 900 hadi 1230, akapata barua kwamba alama zake zina mashaka. Wenye mtihani walisema shida haikuwa kupanda bali majibu yake kufanana na ya wengine. Mawakili wake wakasema msichana alisoma. Miezi michache baadaye, Machi 2019, waendesha mashtaka wa Boston wakafichua ile biashara ya Rick Singer, aliyekuwa akiwauzia wazazi matajiri nafasi za vyuo. Kwa upande wa mitihani alikuwa na mtu wake, Mark Riddell, wa kuyasahihisha majibu ya mtoto baada ya karatasi kukusanywa. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000, na alama za binti yake zikapanda kama 400 juu ya zile za jaribio la awali. Hizo zilipita. Kilichoivunja biashara ile hakikuwa kipimo cha mruko. Alikuwa mtu aliyekuwa akichunguzwa kwa kosa jingine kabisa la mambo ya hisa, akaamua kusema anachokijua ili apunguziwe.

Hapo nilijiuliza kama mjomba angewauliza wale nao, wamekaa barazani, "Mlilipa ngapi?" Na wangemjibu kwa takwimu kamili, kwa risiti, maana nyingine zilikuwa zimeandikwa kama sadaka kwa shirika la hisani.

Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu. Hesabu na kemia, shule ya wasichana, si mbali sana na bahari.

Januari 2023, matokeo ya KCSE ya 2022 yalipotoka na shule kadhaa za Kisii na Nyamira zikawa zimepanda kwa namna iliyoshangaza nchi, chumba chetu cha walimu kilichemka. Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ilianzisha uchunguzi. Profesa Magoha alifariki siku chache tu baada ya matokeo hayo, na mtu mmoja mezani akasema mzee kaondoka na mitihani yake. Sisemi hakukuwa na wizi. Nasema tu kwamba wenzangu waliposema "haiwezekani", nami nilisema "haiwezekani", na chai nikaendelea kunywa. Niligundua baadaye, nikirudi nyumbani kwenye tuk-tuk, kwamba neno hilo limenitoka kinywani.

Kisha muhula uliopita nikasahihisha karatasi za kidato cha tatu.

Yupo msichana darasani kwangu, mkimya, anakaa dawati la mbele kwa sababu ya macho. Desemba alipata 23. Mara hii nilijumlisha, nikajumlisha tena, ikaja 71. Mkono wangu haukungoja ruhusa yangu. Ulikwisha kuvuta karatasi ya jirani yake na kuilaza ubavuni. Nikazipitia swali kwa swali kutafuta kosa walilolikosea pamoja. Jirani alikuwa na 58. Makosa hayakufanana. Sikutulia. Nikatafuta swali ambalo amelipata bila kazi ya kutosha, nikalikuta, la 14.

Swali lilisema: madaftari matatu na kalamu mbili bei yake ni shilingi 230, madaftari mawili na kalamu tatu ni shilingi 195, tafuta bei ya kila kimoja. Nimewafundisha njia. Unaita daftari herufi moja, kalamu herufi nyingine, unazidisha mlinganyo wa kwanza, unazidisha wa pili, unatoa. Ukiufuata vizuri unajaza mistari minane. Yeye alikuwa na mitatu:

425 ÷ 5 = 85
230 − 170 = 60
Daftari 60, kalamu 25.

Sahihi. Na hiyo 425 imetoka wapi? Haipo kwenye swali. Nilikaa nayo usiku ule, kalamu nyekundu mkononi, nikiwa na hakika kwamba nimemshika. Kisha nikamkumbuka yule mjumbe na vyeti vyangu mezani, nikaona aibu. Lakini aibu haikuondoa ile hakika. Vililala pamoja mpaka asubuhi.

Nilimwita wakati wa mapumziko ya saa nne, darasa likiwa tupu. "Shikamoo, mwalimu." Nikamrudishia karatasi. Akatazama alama, hakutabasamu. Akatazama swali la 14, ambalo sikulitia tiki wala mkasi. Alielewa. Nililiona likimwingia usoni, na ningetoa mshahara wangu wa mwezi kulirudisha.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yakanipotea yote, nikabaki na ya mzee. Nikamuuliza, "Umepitia wapi hapa?"

Akaniangalia kuona kama ninauliza au ninashtaki. Akachukua chaki. Alipofika ubaoni alisimama akinipa mgongo, akauliza bila kugeuka:

"Nifanye kwa njia yako, mwalimu, au kwa yangu?"

"Kwa yako."

Akachora madaftari matatu na kalamu mbili, polepole, kama mtoto wa darasa la pili. Chini yake akachora madaftari mawili na kalamu tatu. Halafu akazungusha duara moja kubwa kuzunguka vyote, akaanza kuunganisha kila daftari na kalamu yake, jozi kwa jozi, huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano.